Haibridi Zilizotumika: Tusiulize Mafuta Tu



Nina maoni yangu juu ya magari ya haibridi yaliyotumika, ambayo yanaletwa kutoka Japani na sasa yanauzwa hadi huku kwetu Kahama, Katoro na Geita. Mchimbaji mdogo aliyepata chochote analitaka, na mwalimu mwenye mkopo wa SACCOS analitaka pia. Wote huuliza mambo mawili: linakula mafuta kiasi gani, na betri ni nzima? Kama likigongana litawalinda waliomo, sijasikia mtu akiuliza.

Hivi karibuni mwalimu mwenzangu aliniomba nimsindikize kununua Toyota Aqua. Gari lilikuwa linang'aa, na dalali akaapa kuwa halijawahi kupata ajali. Kwa bahati tulikwenda na fundi. Alitueleza kuwa ukifungua swichi, taa ya eabegi, yaani ile mifuko ya hewa, lazima iwake sekunde chache kisha izime. Hii haikuwaka kabisa. Dalali akafurahi, ati ni dalili kwamba hakuna hitilafu! Baada ya mabishano fundi alichomoa waya wa betri ndogo, akafungua kifuniko cha usukani (kazi hiyo si ya kujaribu wenyewe). Ndani hamkuwa na mfuko. Taa nayo ilikuwa imezibwa kwa utepe mweusi. Mwenzangu alikuwa amebakiza kutoa fedha tu, fedha ambazo angekatwa mshahara miaka minne.

Katika haibridi jambo hili ni zito zaidi. Betri kubwa ya Aqua iko chini ya kiti cha nyuma, na ina volti 144. Ile ya Prius za zamani iko nyuma ya kiti hicho, na ina volti zipatazo 200. Gari likigongwa hata eabegi zikafumuka, mfumo huo huo ndio unaopeleka habari ili umeme wa betri ukatwe. Aliyeuchezea mfumo huo amewahatarisha abiria pamoja na wanakijiji watakaokimbilia kuwaokoa. Hao nao wajue kuwa waya za rangi ya machungwa haziguswi, na kwamba haibridi inaweza kuwa imewashwa huku iko kimya kabisa.

Madalali hupenda kutaja nyota tano. Ni kweli kwamba Prius ya mwaka 2009 ilipewa nyota tano na Euro NCAP, wapimaji wa usalama wa magari huko Ulaya. Lakini lililogongeshwa pale lilikuwa gari jipya, na masanamu yaliyokaa ndani yalifungwa mikanda. Halikuwa gari lililokatwa pua likachomelewa nyingine, wala mchomoko unaopakia abiria wawili katika kiti kimoja cha mbele.

Kwa hiyo mnunuzi adai karatasi ya mnada wa Japani. Herufi R au RA katika nafasi ya daraja maana yake gari limetengenezwa baada ya ajali. Wengi wanaoneshwa karatasi hiyo bila kuisoma, maana imejaa Kijapani. Ainue boneti atazame kama nati za madigadi zimekwaruzwa rangi. Ainue zulia la buti, kwani pigo la nyuma ndilo linaloifikia betri. Mikanda aivute kwa ghafula, usiokamata haufai.

Lakini si kila mwananchi ana fundi wa kumsindikiza. Naiomba TBS itueleze kupitia safu hii: je, gari lililotumika linapokaguliwa, eabegi zinatazamwa kama zimo, au inatazamwa taa tu? Na je, kwa nini muuzaji asilazimishwe kumpa mnunuzi karatasi ya mnada ikiwa imetafsiriwa kwa Kiswahili?

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Masumbwe, Geita.