Deki ya bibi si mbovu, fundi!

Nipo Utemini, hapa Singida mjini. Leo nina hasira na mafundi wetu wa kuchoma diski, na sitaomba radhi.

Mwaka 2014 tulifanya sendofu ya dada. Baba alisimama akamuasa binti yake kwa Kinyaturu, ukumbi mzima ukalia. Mwaka 2019 Baba akafariki. Video ninayo kwenye flashi. Bibi, aliyemzaa Baba, yuko kijijini. Simu yake ni ya tochi, ila ana runinga ya sola na deki ya DVD. Nikampelekea fundi flashi, akanitoza shilingi 5,000, dakika kumi kazi imekwisha. Diski ikafika kwa bibi, deki ikagoma. Nikarudi kuuliza. Jibu: "Deki yenu mbovu, mdogo wangu."

Sio kweli! Deki ya zamani inasoma DVD kwa utaratibu wake: picha za MPEG-2, ambazo kwa mfumo wetu wa PAL ni pikseli 720 kwa 576, fremu 25 kila sekunde, zimepangwa ndani ya folda inayoitwa VIDEO_TS. Jamaa alinakili faili la MP4 kama lilivyo, basi. Ni kumpa mtu unga halafu unadai umempikia ugali.

Nikambana. Mara ya pili akabadilisha kweli, ila akashindilia saa tano zote kwenye diski moja. Diski ya kawaida inabeba gigabaiti 4.7. Video ya saa mbili ukiiweka humo, kila sekunde inapata kama megabiti 5, picha inatulia. Weka saa tano, kila sekunde inabaki na megabiti 2 hivi, na sauti nayo inataka fungu lake. Matokeo yake Baba akigeuka tu, uso unakuwa vigae vigae. Bibi aliniuliza kwa nini mwanawe hana macho.

Najua watasema kompyuta zao chakavu, kubadilisha video ndefu kunakula muda na umeme. Sawa, basi sema! Nitoze 15,000, niambie nirudi kesho, niuzie diski tatu. Programu zenyewe ni za bure: ffmpeg ipo tangu mwaka 2000 na amri yake moja inatoa MPEG-2 ya PAL, DVDStyler inapanga menyu na folda. Kinachokosekana hapo ni nini kama si uvivu?

Na sisi wateja tumo. Tulizoeshwa zile DVD za filamu ishirini kwa diski moja, tukaona kubanana ndiyo faida. Zile ulitazama mara moja ukamwazima jirani, hazikurudi na hukujali. Hii ni sauti ya marehemu.

Wengine mtaniambia deki zimepitwa na wakati. Mwambieni bibi, si mimi.

Juzi nimekesha nikaifanya mwenyewe kwa kompyuta ya kazini (mhariri asijue). Diski tatu, hotuba ya Baba ndiyo ya kwanza kabisa, ili bibi asihangaike na rimoti. Leo alfajiri zimeondoka na Noah ya kijijini. Flashi nimebaki nayo.