Aliyeandikiwa Tasnifu Hakusoma

Hakuna mcha Mungu, awe Mwislamu au Mkristo, asiyejua kwamba kujitwalia jasho la mwingine ni dhuluma, na kwamba kutia saini chini ya uongo ni uongo mara mbili. Hata hivyo, katika kurasa za mwanzo za tasnifu ya uzamili huwapo tamko, ambalo wengine huliita ikirari, ambamo mwanafunzi hukiri kuwa kazi ile ni yake mwenyewe na haijapata kuwasilishwa katika chuo kingine. Na siku hizi wapo wanaotia saini hiyo bila haya, ilhali hawakuandika hata aya moja ya kazi wanayoikiri.

Shahada ya uzamili, ile inayofuata shahada ya kwanza na kutangulia uzamivu, husomwa kwa njia zaidi ya moja, lakini inayowavuta wengi ni ile ya masomo na tasnifu, ambapo mwanafunzi huhudhuria mihadhara na semina, hufanya mitihani, kisha huandika ripoti ndefu ya utafiti aliouandaa na kuufanya chini ya mhadhiri aitwaye msimamizi. Katika mfumo wa tuzo za vyuo vikuu nchini Tanzania shahada hii imewekwa ngazi ya 9, ngazi moja juu ya shahada ya kwanza, na hudai krediti zisizopungua 180, ambapo krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kusoma. Maana yake ni kwamba mwenye uzamili hutarajiwa kuwa ameishughulikia elimu yake kwa saa 1,800, na sehemu ngumu ya saa hizo, ile inayomfundisha mtu kuuliza swali lake na kulitafutia jibu, imo katika tasnifu. Sehemu hiyo ndiyo inayouzwa.

Inauzwa hadharani. Karibu na malango ya vyuo hapakosi steshenari, yaani duka la kuchapa, kutoa nakala na kujalidi, na hapakosi kikaratasi kilichobandikwa kwenye nguzo ya umeme kinachotangaza msaada wa kuandika pendekezo la utafiti na kuchambua data, na namba ya simu chini yake. Bei hupatanwa kwa kila sura ya tasnifu. Mwandishi wa kukodiwa haendi uwandani. Hojaji, zile karatasi za maswali zilizopaswa kupelekwa nyumba kwa nyumba, hujazwa juu ya meza moja kwa kalamu moja, na wahojiwa ambao hawakuzaliwa popote hupewa umri, jinsia na kiwango cha elimu. Sura ya mapitio ya machapisho hunyofolewa katika tasnifu ya mtu mwingine, na mnakili akisahau kubadili jina la mahali, utafiti wa maji wa Kondoa huibuka na wakulima wa kahawa wa Rombo katikati ya ukurasa. Njia ya mwongo ni fupi. Mwenye tasnifu akiulizwa na watahini kwa nini alichagua wahojiwa wale na si wengine, hutazama dari.

Itasemwa kwamba wanafunzi hawa wana majukumu, na ni kweli. Wengi ni walimu, wauguzi na watumishi wa halmashauri, na mwalimu anayesahihisha madaftari mchana kutwa kisha akapanda daladala kuwahi kipindi cha jioni ni fahari ya nchi hii, wala hakuna heshima inayomtosha. Ni kwa ajili ya watu wasioweza kuacha kazi zao kwamba Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Aliyezidiwa na kazi aombe kuahirisha masomo au kuongezewa muda, kwa kuwa kanuni za vyuo huruhusu. Na asiyezielewa takwimu amweleze msimamizi wake, kwani mficha uchi hazai. Kumlipa mtu akusahihishie lugha au akufundishe kutumia programu ya takwimu si dhambi, ila kumlipa afikiri badala yako ni wizi.

Wasimamizi nao wasijione wamesalimika. Wapo wanaokalia rasimu ya mwanafunzi miezi mitatu, kisha wakairudisha na alama ya vema na neno moja pembezoni, nao ndio wanaomsukuma mnyonge kwenye ile nguzo ya umeme. Uzembe wa mmoja, hata hivyo, hauhalalishi wizi wa mwingine.

Nchini England, sheria iliyopitishwa mwaka 2022 imeifanya biashara hii ya kuwaandikia wanafunzi kuwa kosa la jinai. Inauma zaidi kukumbuka kwamba sehemu ya kazi wanazowasilisha wanafunzi wa Ulaya na Marekani huandikwa na vijana wa Kenya, wasomi hodari waliokosa ajira, jambo lililooneshwa katika filamu ya The Shadow Scholars ya mwaka 2024. Akili za Afrika Mashariki zinaandika, na majina ya wengine yanasomwa mahafalini.

Na kwa kuwa uwanda umetajwa, lipo la pili lisilonyamazika. Hata mtafiti mwaminifu, aliyekwenda na barua ya mkoa, akapata ya wilaya, akafika kwa mtendaji wa kijiji, huwatoa watu mashambani, huwauliza habari za watoto wao na mapato yao, kisha hutoweka moja kwa moja. Matokeo huandikwa kwa Kiingereza, hujalidiwa kwa jalada gumu na kuhifadhiwa maktaba, na mama aliyeacha jembe lake kujibu maswali arobaini hapati kamwe kujua majibu yake yalionesha nini. Huo ni utovu wa shukrani. Wanafunzi wa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huandika tasnifu nzima kwa Kiswahili, kwa hiyo haiwashindi wengine kuandika kurasa mbili za muhtasari na kuzirudisha kijijini.

Vyuo na vimhoji kila mtahiniwa ana kwa ana juu ya tasnifu yake kabla jina lake halijaingia katika orodha ya wahitimu, na vifute shahada ya kila atakayethibitika kuandikiwa. Naye aliyekwisha kulipa nusu ya bei akubali nusu hiyo ipotee, arudi kwa msimamizi wake na sura ya kwanza aliyoiandika kwa mkono wake, hata kama ni mbovu.