Usipande pingili ambayo hujaiona mihogo yake

Ndugu mkulima, kupeana pingili za muhogo ni ujirani mwema, na sisemi tuuache. Ninachopinga ni kupokea pingili bila kuuliza zimetoka shamba gani. Nao wauzaji waache kuzinadi kwa unene wa shina peke yake. Hapa Shanwe mihogo ni chakula na ni fedha. Tusiipande kwa kubahatisha.

Mmea unaotokana na mbegu huanza maisha mapya. Pingili, marando ya viazi vitamu na machipukizi ya migomba ni mwili uleule wa mama, umekatwa na kuhamishwa tu. Mama akizaa vizuri, watoto watafanana naye. Akiwa mgonjwa, huwarithisha ugonjwa wake.

Ukitaka kujua nguvu ya uzazi huu, angalia gugu maji. Lina mbegu, lakini husambaa zaidi kwa machipukizi yanayokatika na kuelea. Ndivyo lilivyofunika ghuba za Ziwa Victoria miaka ya 1990, mitumbwi ikakosa njia. Gugu maji huonekana kwa macho. Ugonjwa ulio ndani ya pingili hauonekani, nao hupanda bodaboda toka kijiji hadi kijiji.

Batobato utaitambua kwa majani yaliyojikunja yenye mabaka ya njano. Michirizi ya kahawia, iliyotambuliwa Amani, Tanga, mwaka 1936, ni ya hila zaidi: shina linaweza kupendeza huku mihogo ikioza chini. Ekari moja, kwa nafasi ya mita moja kwa moja, hubeba pingili 4,000 hivi. Ukikosea mbegu, umepoteza msimu mzima.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: muuzaji asilipwe kabla ya kung'oa mashina kadhaa, huku na huku shambani, na kukata mihogo mbele ya mnunuzi. Ikionekana kahawia ndani, shamba hilo lisitoe mbegu. Ikiwa safi, na majani hayana dalili, tumlipe vizuri, hata kama ni jirani. Mwenye uwezo anunue kwa mzalishaji aliyekaguliwa na TOSCI.

Wapo watakaosema kung'oa ni hasara. Mihogo mizima iliyong'olewa italiwa jioni ileile. Hasara ni kulima ekari nzima, kisha kuvuna mihogo isiyoliwa wala kuuzika.