Mwamba Ngoma na Kifaru cha Kichina

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Wanafunzi wenzangu na walimu wangu wapenzi, methali hii niliiona kwa macho yangu mawili likizo ya Agosti, hapa hapa Garsen mjini, ndani ya kibanda kimoja cha kompyuta. Tulikuwa tukicheza War Thunder, ule mchezo wa vifaru. Rafiki yangu mmoja, ambaye hakubali kuendesha kitu ila kifaru cha China, alilipuliwa mara tatu mfululizo. Akapiga meza. "Risasi zetu zimepunguzwa nguvu makusudi!" Wa pembeni, aliyekuwa na kifaru cha Kirusi, akacheka, "Wacha bwana, zenu zimezidishwa!" Kelele zikawa si kelele, nusura mwenye kibanda atutoe nje sote.

Nilirudi nyumbani na swali kichwani. Je, risasi za vifaru vya China mchezoni ziongezwe nguvu, zipunguzwe, au ziachwe kama zilivyo kweli? Maoni yangu ni kwamba ziwe za kweli, na usawa utafutwe mahali pengine.

Kwanza tuelewane. Risasi ya kifaru si ya aina moja. Iko ile ya chuma kigumu, ambayo hutoboa kwa kasi yake tu. Ikienda mbali kasi hupungua, na nguvu ya kutoboa nayo hupungua. Iko ile iliyobeba baruti nyuma ya umbo la faneli la shaba. Ikigonga hulipuka, na shaba ile huwa mchirizi unaopenya chuma. Hiyo haitegemei kasi, kwa hivyo hutoboa sawa kwa karibu na kwa mbali. Halafu iko ya kisasa, mshale mrefu mwembamba wa chuma kizito kama tangsteni. Basi mtu akisema "risasi ya Mchina ni dhaifu", muulize: ipi? Ya mwaka gani?

Chukua mfano wa Type 59. Kifaru hiki Wachina walikiunda kwa kuiga T-54A ya Warusi. Kina uzito wa tani 36 na mzinga wa milimita 100, kama mwenzake. Hawa ni ndugu wa baba mmoja! Kwa hivyo mchezo ukimpa mmoja risasi ya miaka ya 1950 na mwenzake ya miaka ya 1980, hapo hatuna usawa wala ukweli. Kilichotofautiana si Uchina na Urusi, ni kalenda.

Sasa mtazame Type 62, kifaru chepesi cha tani 21 na mzinga wa milimita 85. Chuma chake kinene kabisa ni kama milimita 50 tu, ilhali uso wa turubai la T-55, yaani kile kichwa kinachobeba mzinga, una kama milimita 200. Ukimpa Type 62 risasi ya chuma peke yake, akikutana na T-55 uso kwa uso amekwisha. Ukimpa ile ya faneli bila kipimo, paka anageuka chui. Yaani uamuzi mmoja wa risasi unabadilisha kifaru kizima. Ndiyo sababu nasema jambo hili si dogo.

Pengine mwenzangu utauliza, mambo ya vifaru vya China yametuhusu nini sisi wa Tana? Yametuhusu, kwani majirani zetu walivipigania. Mnamo Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera. Jeshi la Tanzania lilikuwa na vifaru vya Kichina, Type 59 na Type 62. Upande wa Amin ulikuwa na vifaru vya Kirusi na Sherman kuukuu za Kimarekani. Machi 1979 walipambana Lukaya, mahali ambapo barabara inapita katikati ya kinamasi cha mafunjo. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Kijana anayeendesha Type 62 mchezoni leo ameshika, pasipo kujua, chombo ambacho vijana wa Afrika Mashariki waliingia nacho vitani. Tukimpa risasi za uongo, tunamfundisha historia ya uongo.

Napendekeza mambo matatu kwa watengenezaji wa michezo hii.

La kwanza, risasi ifuate mwaka. Kifaru cha 1979 kipewe risasi za wakati wake, na kikutanishwe na wa rika lake. Kwa sasa War Thunder hupandisha na kushusha daraja la kifaru kwa kutazama matokeo ya wachezaji. Matokeo ni kitu cha kutazamwa, sikatai. Lakini wachezaji hodari wakikipenda kifaru fulani kitaonekana kikali, na wanagenzi wakikivamia kitaonekana kibovu, na chuma ni kile kile.

La pili, idadi na mahali pa kuwekea vihesabiwe. Type 59 hubeba makombora 34, na mengi yamekaa mbele kando ya dereva. Hiyo ni hatari ya kweli, isifichwe wala isizidishwe. Na pakihitajika kumpunguza makali Type 62, apewe risasi chache za faneli badala ya kuipunguza nguvu kila moja.

La tatu, tope liwe tope! Hapa sisi wa Garsen tuna haki ya kusema. Type 62 iliundwa nyepesi kwa sababu kusini mwa China kuna milima, mito na mashamba ya mpunga. Nani asiyejua mashamba ya mpunga ya huku kwetu Delta? Nani hajaona lori likizama kwenye udongo mweusi mafuriko yakija, kama yale ya 1997 na ya 2023? Pale lori la tani nyingi linapolala wiki nzima, pikipiki inasukumwa inapita. Mpe Type 62 uwanja kama huo na hutahitaji kumwongezea hata milimita moja ya kutoboa. Wepesi wake ndio silaha yake.

Kuna kizingiti kimoja. Makombora ya leo ni siri za serikali. Mwaka 2022 mchezaji mmoja alianika mtandaoni habari za kombora la China liitwalo DTC10-125, ili watengenezaji waliongeze nguvu mchezoni. Wasimamizi waliziondoa. Mwaka 2021 yalitokea kama hayo kwa vifaru vya Uingereza na Ufaransa. Jamani, kutoa siri ya jeshi ili ushinde gemu? Huko si kupenda ukweli, ni kuvuta ngozi. Dawa yake ni nyepesi: pale ambapo habari ni siri, mchezo uandike wazi kwamba "haya ni makisio". Mwalimu wa hisabati hakatazi kukadiria, anakataza kudanganya.

Mwalimu wangu mmoja aliposikia hoja hizi alitabasamu akaniambia, "Mwanangu, huo ni mchezo tu." Kwa heshima zote, mwalimu, nakubali nusu. Ni mchezo. Lakini sisi ni watoto wa Tana River. Kati ya Agosti na Septemba 2012 zaidi ya watu 100 waliuawa katika wilaya hizi zetu, Riketa, Kilelengwani na kwingineko. Wengi wetu tulikuwa wadogo mno, lakini nyumbani tumesikia majina ya waliokwenda. Sisi hatuwezi kuambiwa kwamba silaha haina uzito. Mchezo unaoonyesha kwamba kombora moja likipenya watu wanne waliomo ndani hawatoki, huo angalau hausemi uongo. Unaopunguza na kuongeza ili mteja afurahi unatuzoeza kudhani kwamba vita hurekebishwa kwa kubonyeza kidude.

Nikitia nanga, nawaomba wenzangu tunaopenda gemu hizi: kabla ya kupiga meza, uliza mwaka, uliza aina ya risasi, uliza uwanja. Na yule rafiki yangu wa kibandani, nakuambia kwa mapenzi: ukitaka kifaru chako kiheshimiwe, usikiombee uongo. Ngoma ivutwe pande zote sawa, ndipo ilie vizuri.