Wadhamini wa Kupamba Barua



Wapendwa waamini, juma hili tunataka kusema wazi juu ya neno linalosikika mno katika vikao vya mashirika yetu ya huruma, yawe ya yatima, ya wagonjwa au ya wazee: "Sisi tunajitolea tu." Mdhamini akiulizwa kwa nini amekosa vikao vitatu mfululizo, hujibu hivyo. Akiulizwa fedha za paa la bweni zilikwenda wapi, hujibu hivyo hivyo. Jibu hilo tunalikataa. Anayejitolea amesamehe mshahara. Wajibu hakuusamehe, wala si wake kuusamehe.

Wadhamini wakisajiliwa na RITA huwa chombo kimoja mbele ya sheria, chenye lakiri yake, kinachomiliki ardhi na majengo, kinachoshtaki na kushtakiwa. Kiwanja kikiuzwa, wameuza wao, hata yule aliyesinzia kikaoni.

Na Kanisa limeweka masharti ambayo, twasema kwa masikitiko, wasimamizi wengi wa mali yake hawajapata kuyasoma. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983 unawataka, kabla ya kuanza kazi, wale kiapo na kutia sahihi orodha kamili ya mali (kanuni 1283). Kanuni 1298 inakataza mali hiyo, isipokuwa yenye thamani ndogo, kuuzwa au kupangishwa kwa wasimamizi wenyewe au jamaa zao hadi daraja la nne, pasipo kibali maalumu cha maandishi. Je, ni mashamba mangapi ya vituo vyetu yanalimwa na mashemeji wa wajumbe? Tena kanuni 1289 inasema kwamba hata asiye na ofisi ya Kanisa haruhusiwi kuiacha kazi hiyo kwa kujiamulia tu. Kanisa likipata hasara kwa kuondoka kwake, analazimika kuifidia. Basi anayetoweka kimya kimya mambo yanapochafuka, akidhani amenawa mikono kama Pilato, asome hapo.

Watasema: nani athubutu kumhoji Padre au Sista anayeongoza kituo? Adabu ni njema, nasi mapadre tunaipenda, pengine kupita kiasi. Lakini Mtume Paulo, alipokusanya mchango wa maskini wa Yerusalemu, alitaka afuatane naye ndugu aliyechaguliwa na makanisa, ili asiwepo wa kuwalaumu kwa habari ya fedha hizo (2Kor 8). Ikiwa Paulo hakuona haya kuangaliwa, sisi ni akina nani? Hata miongoni mwa Thenashara, aliyeshika mfuko alikuwa akiiba, Yohane hakutuficha.

Yatima hana kiti katika kikao. Hawezi kuuliza kwa nini maharage yamepungua mwezi ule ule gari lilipopakwa rangi mpya. Mdhamini amewekwa pale aulize kwa niaba yake, na anaponyamaza ili asimuudhi mwenyekiti, gharama ya heshima hiyo inalipwa na mtoto.

Kwa hiyo, mjumbe ambaye kwa miezi sita hajaiona taarifa ya benki ya shirika lake aiombe katika kikao kijacho, na ombi lake liandikwe katika muhtasari. Likikataliwa, amwandikie Askofu. Naye asiye na nafasi ya kuhudhuria amwandikie pia, aombe kupumzishwa, ili mwingine ateuliwe kabla hesabu za mwaka hazijafungwa.