Nia ya kuacha pombe haisubiri foleni mpakani

Tarehe 24 Februari 2018, marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walizindua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani mjini Busia. Sasa maafisa wa nchi mbili wanafanya kazi chini ya paa moja na mzigo unakaguliwa upande mmoja tu. Mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa za Afrika Mashariki zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani anajaziwa cheti chepesi cha asili ya bidhaa na kuvuka bila ushuru wa forodha. Tangu Januari 2014, Mkenya na Mganda wanavukiana kwa kitambulisho cha taifa. Mahindi yanapita, mayai yanapita, samaki wanapita. Pombe nayo inapita, ya halali kwa lango kuu na ya magendo kwa njia za panya.

Asiyepata urahisi huo ni mfanyabiashara aliyezidiwa na pombe ambaye asubuhi moja amesema, "Nimechoka, nipelekeni hospitali." Kwake mpaka wa Busia, na ule wa Malaba ulio ndani ya wilaya ya Tororo, umebaki ulivyokuwa zamani. Kila upande unamwambia kwamba msaada uko mbali, au uko ng'ambo, au ni wa watu wa kwao.

Biashara nyingi zinakufa hivyo bila kutajwa katika takwimu yoyote ya forodha. Uraibu wa pombe hauanzi kwa mtu kuokotwa mtaroni. Unaanza na mtaji. Fedha za kununulia mzigo wa kesho zinalipia deni la jana. Nyanya zinaoza kwa sababu mwenyewe hakuamka. Chama kinamlipia zamu yake mara ya kwanza na ya pili, na ya tatu kinamtoa. Waliomdhamini kwenye mkopo wanaanza kumkwepa. Mke, mume au mama anaingia kibandani kuokoa kilichobaki, na mtoto anatolewa shule ili asaidie. Kufikia siku jirani wanaposema fulani amekuwa mlevi, hesabu ilikwisha kufungwa zamani.

Kazi ya mpakani nayo inachangia. Ni kazi ya kungoja gari, kungoja karatasi na kungoja mteja wa ng'ambo. Ni kazi ya fedha taslimu mfukoni kila jioni na ya kulala gesti mbali na macho ya nyumbani. Upande wa Uganda kuna malwa na waragi, upande wa Kenya kuna busaa na chang'aa, na bei yake haimtishi mtu aliyeuza gunia moja.

Saa za baa pia hazilingani. Sheria ya Kenya ya mwaka 2010 ya kudhibiti vileo inaruhusu baa kufunguliwa kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi. Nchini Uganda, Sarah Opendi, mbunge mwanamke wa wilaya ya Tororo, alipeleka bungeni muswada mwaka 2023 uliotaka pombe iuzwe kati ya saa kumi na moja jioni na saa nne usiku siku za kazi. Bunge liliukataa mwaka 2024. Mnywaji anayekuta mlango umefungwa Busia ya Kenya anajua pa kwenda, na safari yenyewe haihitaji hata bodaboda.

Kwa sababu hiyo, kumwambia mraibu wa Busia au Malaba "jikaze, acha" ni kumwambia mtu akaukie ndani ya mto. Wapo watakaoweza. Wengine, hasa waliokunywa kila siku kwa miaka mingi, wanahitaji kutolewa hapo walipo, walazwe, wasafishwe mwili chini ya uangalizi, kisha wakae wiki kadhaa au miezi wakijifunza kuishi bila chupa. Hiyo ndiyo maana ya kituo cha kurekebisha tabia. Si jela, na si mahali pa kumficha mtu familia isiaibike.

Sheria za nchi zote mbili zinakubaliana juu ya hili. Sheria ya Afya ya Akili ya Uganda ya mwaka 2018 inauhesabu uraibu wa pombe miongoni mwa magonjwa ya akili, na ile ya Kenya inamtambua pia mtu aliyeathiriwa na matumizi ya pombe na dawa za kulevya. Anayeugua anastahili matibabu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na katika ugonjwa huu kifo huja hata kwa njia ambayo familia ilidhani ni ya wokovu.

Familia nyingi hazilijui jambo hili. Mtu aliyezoea kunywa sana kila siku, akifungiwa chumbani na kunyimwa pombe ghafla, anaweza kufa. Mikono huanza kutetemeka ndani ya siku ya kwanza. Degedege linaweza kumpata ndani ya siku mbili. Kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuchanganyikiwa, akaona visivyokuwepo, joto likapanda na moyo ukaenda mbio. Hospitalini kuna dawa za kutuliza hali hiyo, na kuna vitamini B1 ya kuukinga ubongo. Nyumbani kuna kamba na maombi. Maombi hayamdhuru mgonjwa, bali yasichukue nafasi ya daktari katika siku hizo.

Basi vitanda viko wapi? Uganda ina hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili ya Butabika jijini Kampala, yenye kitengo cha pombe na dawa za kulevya. Kenya ina Mathari jijini Nairobi, na karibu zaidi na mpaka, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret. Vipo pia vituo vya binafsi na vya mashirika ya dini, ambavyo upande wa Kenya vinapaswa kuidhinishwa na NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Kutoka Busia, Kampala ni mwendo wa takriban kilomita 200, na Eldoret si mbali kuliko hapo. Kwa Mganda wa Busia, kitanda kilicho karibu kinaweza kuwa Kenya. Kwa Mkenya wa Malaba mwenye mke na wakwe Tororo, watu wa kumtembelea wako Uganda.

Hapo ndipo mpaka unaporudi. Kenya ilianzisha mfumo mpya wa bima ya afya chini ya SHA Oktoba 2024. Uganda bado haina bima ya afya ya taifa inayofanya kazi. Kadi ya mmoja haina maana kwa mwenzake. Daktari wa Tororo anayetaka kumpeleka mgonjwa Eldoret hana njia iliyozoeleka ya kumkabidhi kwa mwenzake. Familia inabaki kuuliza kwa madereva na wapiga debe, kama anayetafuta nyumba ya kupanga.

Wakati wanauliza, nia inaondoka. Wafanyabiashara wanaelewa hili kuliko watu wa ofisini, kwa sababu wanauza vitu visivyongoja. Nia ya mraibu ni kama samaki mbichi. Asubuhi aliyoamka amejitapikia, mtoto akamtazama, naye akakubali, ana saa chache tu za kukubali. Ikipita siku tatu za kutafuta fedha, barua na namba ya simu, mwili unadai chake na neno linafutwa. Familia husema alidanganya. Mara nyingi hakudanganya: alikubali, na hakuna aliyekuwa tayari kumpokea.

Wapo watakaopinga kwamba vitanda ni ghali na walevi ni wengi. Ni kweli, na si kila mnywaji anahitaji kulazwa. Utafiti uliofanywa Eldoret, uliotoa matokeo ya awali mwaka 2011 na mapana zaidi mwaka 2021, ulionyesha kwamba washauri wa kawaida waliofundishwa, wasio madaktari, waliwasaidia wagonjwa wa VVU kupunguza kunywa kupitia vikao vya vikundi vya wiki sita. Huduma kama hiyo inaweza kutolewa katika hospitali ya Tororo, ya Masafu au ya kaunti ya Busia. Ikipatikana, itawasaidia walio mwanzoni, na vitanda vichache vitabaki kwa ambao bila kulazwa watakufa.

Wengine watasema tufunge kwanza baa. Tatizo ni kwamba baa ikifungwa upande mmoja, inafunguka upande wa pili. Saa za kuuza pombe katika miji hii pacha zinapaswa kupangwa kwa pamoja, na muswada wa aina ya ule wa Opendi unastahili kurudishwa bungeni. Lakini aliyekwisha kuugua hatapona kwa kubadilishiwa saa za baa.

Hatua tatu zinawezekana bila kungoja mkutano wa wakuu Arusha.

Ya kwanza ni barua ya rufaa inayokubalika pande zote mbili. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, katika kifungu cha 118, unazitaka nchi wanachama kushirikiana katika afya. Hospitali za Busia na Tororo zikiwa na fomu moja, orodha moja ya vituo vyenye nafasi na afisa mmoja kila upande wa kupigiwa simu, mgonjwa atakayekubali asubuhi anaweza kuwa njiani mchana. Cheti chepesi kilichorahisisha gunia la maharage kinaweza kuwa na ndugu yake wa afya.

Ya pili ni fedha. Katika Kenya, utoaji wa leseni za vileo ni kazi ya kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010, na ada inaingia kwa kaunti. Serikali inayojua kila baa iliyopewa leseni inapaswa kujua pia kitanda ambako mteja wa baa hiyo atatibiwa, na kutenga sehemu ya ada kwa ajili yake. Miji ya Uganda inayokusanya ada za biashara haina kisingizio tofauti. Wafanyabiashara wenyewe nao wana vyama. Kikundi cha watu 30, kila mmoja akiweka shilingi 100 za Kenya kwa wiki, kina shilingi 156,000 mwisho wa mwaka. Fedha hizo hazitalipia kila kitu, ila zitaizuia familia kuuza mzigo kwa bei ya kutupa siku ya kukubali.

Ya tatu, na ndiyo inayosahauliwa, ni kurudi. Mtu anayetoka kituoni baada ya miezi mitatu anarudi kwenye kibanda kilekile na marafiki walewale. Kurudia pombe ni jambo la kawaida katika ugonjwa huu, na halimaanishi kwamba matibabu yalikuwa bure. Chama kimtunzie nafasi yake sokoni badala ya kuigawa. Kimtafutie kazi ya asubuhi badala ya safari za kulala gesti. Kimpe mzigo kidogo kwanza, fedha zikipitia simu ya mtu wa nyumbani kwa muda watakaokubaliana naye. Vikundi vya Alcoholics Anonymous, vilivyoanzia Marekani mwaka 1935, vina mikutano Kenya na Uganda, na vinahitaji chumba na viti tu.

Akina mama wafanyabiashara wasiachwe nje ya hesabu hii. Mwanamume mlevi hucheekwa, mwanamke mlevi hutengwa, kwa hiyo anakunywa kwa siri na kuchelewa kutafuta msaada. Akikubali, swali lake la kwanza ni nani atabaki na watoto. Chama kisichoweza kulijibu swali hilo hakijampa nafasi ya kutibiwa.

Familia inayotafuta kituo leo, kabla ya hayo yote kutimia, iulize kabla ya kulipa. Je, kimeidhinishwa, na cheti kiko wapi? Kuna daktari au muuguzi wa kusimamia siku za kwanza? Wagonjwa wanafungwa au kupigwa? Familia inaruhusiwa kutembelea? Nani atamfuatilia akishatoka, na kwa muda gani? Kituo kinachokasirishwa na maswali haya hakifai. Upande wa Kenya, simu ya bure ya NACADA, 1192, inajibu maswali ya kwanza.

Jumuiya hupimwa kwa tani zilizovuka na muda ambao lori limengoja. Kwa watu wa Busia na Tororo kuna kipimo kingine cha kuongeza: saa zinazopita kati ya mtu kusema "nipelekeni" na mtu kupokelewa. Leo, kwa wengi, saa hizo hazina mwisho. Waliopunguza foleni ya malori wanajua namna ya kuipunguza na hii.