Sisi Si Wavuvi, Tunavua Tu

Hili jambo nimekaa nalo wiki mbili, leo nimeamua kuliandika lote. Ni refu. Wenye bando ndogo mnisamehe, someni nusu leo nusu kesho.

Tulikuwa kwenye mkutano wa vijana hapa Kabazana, mada ilikuwa mazingira. Mgeni mmoja (simtaji jina wala shirika lake, na yeye mwenyewe alisema ni maoni yake binafsi) akatueleza kwamba Ziwa Nakivale linaharibika kwa sababu ni la kila mtu. "Kitu cha kila mtu hakina mlinzi," akasema. Dawa aliyoileta ni kumpa mwekezaji mmoja haki ya samaki wa ziwa zima. Aweke vizimba, aajiri walinzi, halafu vijana wapate ajira. Ile neno ajira ilipotoka tu, watu wakapiga makofi. Mimi nikainua mkono: na sisi wa ndoana tutaenda wapi? Akaniuliza, "Nyinyi ni wavuvi?" Nikamjibu hapana, tunavua tu. Ukumbi wote ukacheka, na yeye akacheka, soda zikagawiwa, mambo yakaisha.

Kwangu hayajaisha. Sasa najibu.

Ni kweli, sisi si wavuvi. Hatuna mtumbwi, hatuna wavu, hatuna namba ya leseni iliyochorwa ubavuni mwa boti. Tuna fimbo za matete, nyuzi, ndoana za dukani, na kipande cha ndala iliyokufa kinachoelea juu ya maji kutuambia kama kuna mtu chini anagonga. Jumamosi na Jumapili tunashuka ziwani na nyungunyungu kwenye kopo. Tuko Wakongo, Warundi, Wanyarwanda. Kuna rafiki yetu Msomali ambaye hata harufu ya samaki haipendi, lakini yeye ndiye mwenye subira kuliko wote na ndiye anayevua zaidi, halafu anagawa. Kuna na vijana Wanyankole kutoka vijiji vya jirani. Mmoja bibi yake ni wa ukoo wa wafugaji, hawezi kukubali samaki avuke mlango wake, basi kijana anachoma na kula huku huku ukingoni kabla ya kurudi nyumbani. Tunapata ngege, tunapata kambare, siku ya bahati tunapata kamongo, yule Waganda wanamwita mamba (si yule wa kula watu, wageni msikimbie). Ngege mdogo tunamrudisha majini. Hakuna afande aliyetufundisha hilo, tulifundishwa na mzee mmoja wa Kivu aliyetukuta tumejaza kopo watoto wa samaki akatutukana mpaka tukaona aibu.

Ukijaza fomu za mashirika, utaulizwa kama unavua kwa biashara au kwa chakula cha nyumbani. Kisanduku cha tatu hakipo. Kuvua kwa sababu unapenda kuvua, hiyo ni ya Wazungu. Mkimbizi akikaa ukingoni anaangalia maji, ofisa anaandika kwamba kijana hana shughuli. Lakini nyinyi ndugu maofisa mnaosoma hapa, nawauliza kwa heshima: mtu aliyesubiri intavyu miaka sita, anasubiri jina kwenye ubao, anasubiri simu, anasubiri rasheni, mnataka apumzike wapi? Kusubiri kwenye foleni kunakula akili. Kusubiri samaki kunairudisha. Mnatuletea watu kutoka Mbarara na Kampala kutufundisha namna ya kuvuta pumzi ili mawazo yapungue. Asanteni, tunavuta. Lakini pale ziwani tulikuwa tunavuta bure.

Na chakula pia, tusidanganyane. Mwaka 2020 rasheni ya wakimbizi Uganda ilishuka mpaka asilimia 70, mwaka 2021 ikafika 60, mwaka 2023 tukagawanywa kwa makundi na wengine wakatolewa kabisa. Ngege wawili juu ya makaa, kwenye nyumba ambayo kadi yake imekatwa, wanafanya usiku uwe mwingine. Kwa hiyo raha na chakula vinakaa kwenye ndoana moja, na hakuna fomu inayoweza kuvitenganisha.

Sasa turudi kwa mgeni wetu na dawa yake. Anaongea kama ni kitu kipya. Wenzangu mliotoka Rutshuru na Lubero mnajua si kipya. Ziwa Edouard, upande wa Kongo, liko ndani ya Hifadhi ya Virunga, na uvuvi wake tangu enzi za Wabelgiji uliwekwa mikononi mwa ushirika mmoja, ule uliokuja kuitwa COPEVI. Mialo ya halali ikawa mitatu: Vitshumbi, Nyakakoma, Kyavinyonge. Karatasi zilisema kila samaki ana mwenyewe. Je, samaki walilindwa? Waulizeni wazazi wenu. Waliovua bila karatasi waliongezeka, wenye bunduki wakajua kwamba pesa iko pale, na samaki wakapungua huku ziwa likiwa na mwenyewe wake aliyeandikwa vizuri.

Upande huu wa Uganda nako hivyo hivyo. Kasenyi, kwenye Ziwa George, Waingereza waliweka shirika lililoitwa TUFMAC. Mvuvi alitakiwa kuuza samaki wake kwa shirika hilo, kwa bei ya shirika hilo. Uhuru ulipokuja, halikukaa. Hapo si mbali, ni magharibi hii hii yetu, basi la asubuhi kutoka Mbarara linakufikisha upande huo siku hiyo hiyo.

Halafu kuna Viktoria. Pale hawakuligawa ziwa, lakini sangara walipoanza kwenda viwandani na viwandani wakaenda Ulaya, mwenye ziwa akawa mwenye kiwanda. Minofu ikapanda ndege. Kilichobaki kwa watu wa ukingoni ni kichwa na mifupa. Kisumu wanaita mgongo wazi, Mwanza wanaita mapanki. Mtu akikuambia kwamba ziwa likipata mwekezaji watu wote watanufaika, mwambie neno moja tu, mapanki, umwangalie usoni.

Mnaweza kusema nina chuki na matajiri. Sina. Nina jirani. Jirani yetu ni Ziwa Mburo, liko kwenye mfumo mmoja wa maziwa na Nakivale, na maziwa haya mawili na vinamasi vyake yaliandikwa pamoja mwaka 2006 kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu za dunia. Mburo imekuwa hifadhi ya taifa tangu 1983, na watu waliokuwa wakiishi na kuchunga mle walifukuzwa. Leo mtalii anaruhusiwa kuvua kwa fimbo pale Mburo, analipa kibali kwa dola, anapiga picha na samaki. Sipingi, hifadhi inahitaji pesa. Ila angalieni vizuri: yeye na mimi tunafanya kitu kile kile. Yake inaitwa michezo. Yangu inaitwa kukosa shughuli. Na Nakivale ikipata mwenyewe, yangu itaitwa wizi.

Hiyo kwamba ndoana ya raha ndiyo inayotupwa nje kwanza, siyo mimi ninayeitunga. New Zealand mwaka 1986 serikali iligawa samaki wa baharini kwa mafungu yanayouzwa na kununuliwa kama viwanja. Mwaka 2000 ikawageukia watu wanaovua kwa burudani, ikawaletea njia tatu za kupanga haki yao. Wale watu, mafundi, walimu, wastaafu wenye fimbo zao, wakakataa zote tatu wakaunda kundi wakaliita option4, yaani njia ya nne. Wakatuma makumi ya maelfu ya maoni. Hawakusema sheria zisiwepo. Walisema haki ya mtu wa kawaida kuvua mlo wake haiwezi kuwa kile kinachobaki baada ya kampuni kushiba. Na Iceland, ambako mafungu yalipewa wenye boti kufuatana na walichovua miaka ya nyuma, wavuvi wawili walionyimwa fungu waliamua kuvua hivyo hivyo, wakatozwa faini, wakapeleka kesi mpaka Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa. Mwaka 2007 kamati ikasema mpango ule unabagua. UN hiyo hiyo ambayo sisi tunaipangia foleni.

Sheria ya Uganda inasemaje? Katiba ya 1995, ibara ya 237, inasema maziwa ya asili yanashikiliwa na serikali kama amana kwa faida ya raia wote. Sheria ya Ardhi ya 1998 inakataza serikali kuyakodisha au kuyahamisha kwa mtu. Soma hapo ufurahi, kisha endelea kusoma, kwa sababu sheria hiyo hiyo inaruhusu kutoa vibali na leseni. Hapo ndipo mlango ulipo. Hakuna atakayekuja kusema amenunua Ziwa Nakivale. Atakuja na kibali. Kwa hiyo siku kibali kikijadiliwa, kazi yetu ni kuuliza kimeandika nini kuhusu ukingo: nani anaruhusiwa kusimama pale, na fimbo, bila kulipa.

Najua jibu litakalokuja: imeandikwa raia, na wewe si raia. Ndugu yangu, najua, kadi yangu iko mfukoni. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inanipa kulima, kufanya kazi na kufanya biashara, ziwa halijatajwa kwa jina. Ndiyo maana nawaambia tusiende kwenye hili peke yetu. Yule kijana Munyankole anayechoma samaki kwa kujificha bibi yake ni raia. Haki yake ikifungwa, yetu haina hata pa kusimama. Yake ikibaki wazi, tunasimama pembeni yake kama tunavyosimama kila Jumamosi. Tukienda mkutanoni wakimbizi peke yetu tutaonekana watu wa kudai. Tukienda na wenyeji, tutakuwa watu wa ziwa.

Na tuwe wakweli kwa upande wetu. Ziwa linaumia. Kuna watu wanavuta kokoro usiku na nyavu zenye matundu madogo, wanabeba mpaka watoto wa samaki, na wengine ni watu tunaowajua, tunakula kwao. Hilo lina sheria tayari. Kinachokosekana ni kuitekeleza sawasawa kwa mwenye mtumbwi mkubwa na mdogo. Huko Viktoria jeshi liliingizwa mwaka 2017, boti fupi kuliko futi 28 zikachomwa, na sote tunajua boti fupi ni ya nani. Kabla ya hapo kulikuwa na kamati za mialo, BMU, zilizoanza 2003 na kusimamishwa na Rais mwaka 2015 kwa madai ya rushwa. Kwenye kamati zile kulikuwa na kiti cha mwenye mtumbwi, cha kibarua, cha muuza samaki. Kiti cha mwenye ndoana ukingoni hakikuwepo. Wakianzisha nyingine, nataka kiti hicho, hata kama ni cha plastiki na kimevunjika mguu.

Lakini kuna jambo kubwa kuliko kokoro. Maji ya ziwa letu yanatoka Rwizi. Mto ule unapita katikati ya Mbarara, watu wanachimba mchanga kingoni mwake, wanafyatua matofali, wanalima mpaka kwenye maji, vinamasi vinakaushwa, na udongo wote unateremka. Nendeni darajani pale Mbarara mvua ikinyesha muone rangi yake. Mwenye vizimba Nakivale atafanya nini kuhusu hilo? Ana haki ya samaki, mto si wake. Atazungushia waya kipande chake, atatufukuza sisi wenye fimbo, na tope litaendelea kumfikia na yeye. Kisha tukumbuke kwamba maji haya haya ndiyo yanayopampiwa, yanasafishwa na kuletwa kwenye mabomba tunayokinga madumu. Chakula cha samaki wa vizimbani na kinyesi chao vinaangukia humo. Mgeni wetu hakuligusa hilo hata kidogo, na muda wa maswali ulikuwa dakika kumi.

Yule mzee wa Kivu aliyetutukana nilimpelekea habari za mkutano. Hakukasirika. Aliendelea kufunga ndoana yake akasema, "Mwana, hii mayi haina patroni. Iko na wenye kuichunga, ao iko na wenye kuiharibu. Patroni yeye anakaa Kampala."

Ofisa uliyetucheka, kama unasoma hapa, sina ubaya na wewe. Njoo Jumapili baada ya ibada. Tunakaa upande wenye matete machache, mbali na pale viboko wanapotokea. Fimbo nitakukatia, nyungunyungu ninazo. Usije na fomu.